Kontrola mbili, ziwa moja

Maneno haya niliyasema Jinja, Uganda, mbele ya mafundi na wasimamizi wa kompyuta wa hospitali, vyama vya akiba na mikopo, shule na ofisi za wilaya. Wengi waliokosa nafasi ya kufika wameniomba maandishi, nami nimeyaweka yote kama yalivyotoka, isipokuwa picha zilizoonyeshwa ukutani.

Waheshimiwa wenyeji wetu, mafundi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosafiri usiku kucha kutoka Arua na Kasese, hamjambo. Nawashukuru wenyeji kwa kunipa saa hii, na nawashukuru zaidi kwa kukubali tuzungumze Kiswahili, kwa maana humu ndani wapo wenzetu waliovuka Busia na Mutukula kuja kutusikiliza, na lugha inayotukutanisha sote ni hii.

Naomba nianze na swali. Ni wangapi kati yenu wenye mfumo wa hifadhi ya diski wa kontrola mbili, yaani kompyuta mbili zinazoendesha diski zilezile, kazini kwenu? Naona mikono mingi. Iacheni juu. Sasa, ni wangapi kati yenu mmewahi kuichomoa kontrola moja kwa mikono yenu, kwa makusudi, kazi ikiwa inaendelea, mkatazama kitakachotokea? Naona mikono mitatu. Mitatu, ndugu zangu. Hotuba yangu yote ya leo imo katika tofauti ya hesabu hizo mbili.

Hapa tulipo ni mwendo mfupi tu hadi Nalubaale, bwawa lililofunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls. Pembeni mwake, kupitia mfereji uliochimbwa mahsusi, lilijengwa bwawa la pili, Kiira, likaanza kuzalisha umeme mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu akiyatazama kwa mbali husema: mabwawa mawili, basi moja likishindwa lingine litatubeba. Lakini wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka 2006. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yameshuka, na yalipopungua hayakupungua kwa bwawa moja. Yalipungua kwa yote mawili siku moja, kwa sababu mabwawa ni mawili ila ziwa ni moja. Kampala ikalala gizani kwa zamu.

Nataka mtoke hapa na swali hilo vinywani: ziwa letu ni lipi? Kila unapoona vitu viwili vimewekwa ili kimoja kimsaidie mwenzake, uliza ni kitu gani ambacho vyote viwili vinakitegemea bila wewe kujua.

Kwa wanafunzi, nieleze mtambo wenyewe kwa ufupi. Ni sanduku la chuma ndani ya raki, yaani kabati la kupangia mitambo. Mbele lina diski, mara nyingi 12 kubwa au 24 ndogo. Nyuma lina kontrola mbili, tuziite A na B, na kila moja ni kompyuta kamili yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na matundu yake ya kuunganishia nyaya. Kando yake kuna pawasaplai mbili, vifaa vinavyoupa mtambo umeme. Katikati umesimama ubao unaounganisha mbele na nyuma, na hauna prosesa, kazi yake ni kupitisha tu. Diski zinazofaa humo ni zile za aina ya SAS, kwa kuwa kila moja ina milango miwili, mmoja unaoelekea kontrola A na mwingine kontrola B. Diski ya SATA ina mlango mmoja. Anayenunua SATA kwa ajili ya unafuu wa bei, akazichomeka humo bila kile kibao kidogo cha kugawa mlango, amenunua diski ambazo kontrola moja itaziona na nyingine haitaziona kabisa.

Sasa niwasimulie kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga mfumo kama huu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Nyaya nilizoletewa zilikuwa fupi. Zilifika kontrola A, iliyokuwa juu, hazikufika kontrola B, iliyokuwa chini karibu na sakafu ya raki. Seva ilikuwa na kadi mbili za kuiunganisha na hifadhi, nikatoa waya mmoja kwenye kila kadi, na nyaya zote mbili nikazichomeka kontrola A. Nikajiambia kwamba wiki ijayo nitaleta nyaya ndefu. Mfumo ukawaka, kumbukumbu za wagonjwa zikafunguka, watu wakapiga makofi, na ile wiki ijayo haikufika.

Kontrola A ilikufa usiku. Niliitwa, nikafika alfajiri. Muuguzi wa zamu alikuwa ameandika majibu ya vipimo vya damu nyuma ya maboksi ya glavu, kwa kalamu ya wino, moja baada ya jingine, na maboksi yamepangwa juu ya meza kwa kufuata namba za vitanda. Nikaenda nyuma ya raki. Kontrola B ilikuwa hai. Taa yake ilikuwa ya kijani, imeshika diski zote, haina kasoro hata moja, inangoja kuulizwa. Na hapakuwa na waya wowote unaoiendea. Hospitali ile ilikuwa imelipia kontrola mbili, na mimi niliwapa moja.

Ndugu zangu, fundi hanunui uimara dukani akaupeleka kwenye raki. Kinachonunuliwa dukani ni vyuma. Uimara hutengenezwa kwa kuunganisha na kupangilia, na mahali pa kwanza pa kuutengeneza ni kwenye njia.

Njia sahihi ni hii. Seva iwe na kadi mbili. Kadi ya kwanza iende kwenye swichi ya kwanza, yaani kisanduku cha kukutanishia nyaya, kadi ya pili iende kwenye swichi ya pili, na swichi hizo mbili zisiwe na waya wowote wa kuziunganisha. Kila kontrola itoe waya mmoja kwa swichi ya kwanza na waya mmoja kwa swichi ya pili. Hesabuni pamoja nami: kadi ya kwanza inaona A na B, kadi ya pili inaona A na B. Njia nne. Kadi ikiungua zinabaki mbili. Swichi ikizimika zinabaki mbili. Kontrola ikifa zinabaki mbili. Wanaotumia iSCSI, yaani kuifikia hifadhi ya diski juu ya mtandao wa kawaida wa kompyuta, wafuate mchoro huohuo, na kila swichi ipewe anwani za mtandao wake pekee, zisichanganywe. Na mkiongeza ukubwa wa pakiti, yaani kifurushi kimoja cha data mtandaoni, hadi baiti 9000, uongezeni kwenye seva, kwenye swichi na kwenye kontrola, kila mahali bila kuruka hata mahali pamoja, maana ukisahau tundu moja utapata mfumo unaopita majaribio madogo na kukwama kwenye kazi kubwa, na utatafuta sababu kwa siku nyingi.

Lakini njia kuwapo ni jambo moja, na kujua kuzitumia ni jambo jingine. Mnakumbuka Septemba 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo? Daraja lile limesimama tangu mwaka 1963, na kwa wengi wetu ndilo lilikuwa barabara ya kaskazini. Lilipofungwa, Gulu haikuhama, na Arua haikuhama. Magari mengine yalizungukia Masindi, Paraa na Pakwach, mengine yakapita Mbale, Soroti na Lira. Watu walifika. Walifika wamechelewa, wametumia mafuta zaidi, lakini walifika.

Katika mifumo mingi ya hifadhi ya bei ya kati mambo ni hayohayo. Kila LUN, yaani kila kipande cha hifadhi tunachokikabidhi seva, kina kontrola moja inayokimiliki. Ombi likifika kwa kontrola mmiliki linajibiwa moja kwa moja. Likifika kwa kontrola ya pili halikataliwi, bali hupokelewa, huvushwa ndani ya sanduku hadi kwa mmiliki, na jibu hurudi kwa kuzunguka vilevile. Utaratibu wa kontrola kuitangazia seva ni njia zipi zimenyooka na zipi zinazunguka unaitwa ALUA. Ukiwa kwenye Linux, andika `multipath -ll` uangalie. Utaona makundi mawili ya njia: kundi lenye prio=50, hizo ndizo zilizonyooka, na kundi lenye prio=10, hizo ndizo za kuzunguka kwa Soroti. Ukiona njia zote nne zina namba moja, au ukiona njia mbili tu badala ya nne, usiondoke katika chumba hicho.

Na ikiwa programu ya njia nyingi, ile inayoiwezesha seva kujua kwamba njia zote nne zinafika kwenye LUN moja, haijawashwa kabisa? Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha, kijana mwenye bidii, aliunganisha nyaya vizuri kuliko nilivyofanya mimi hospitalini, kisha akawasha seva bila programu hiyo. LUN ilikuwa moja ya TB 2. Seva iliifikia kwa njia nne, ikaonyesha kama diski nne, sdb, sdc, sdd na sde, kila moja TB 2. Akanipigia simu kwa furaha, akisema, "Mwalimu, tumepewa TB 8." Nilipokuwa bado ninamuuliza maswali, alikuwa ameweka hifadhidata kwenye sdb na alikuwa ameanza kuifomati sdc. Mnaelewa alichokuwa akifomati? Alikuwa akiifomati nyumba ileile, amepitia mlango wa nyuma, na mizigo yake mwenyewe imo ndani. Ilikuwa data ya mazoezi, namshukuru Mungu. Leo anasimamia mifumo mikubwa kuliko yangu, na amenipa ruhusa nilisimulie jambo hili.

Mambo mawili mengine ya njia niyapitie haraka. Moja, LUN ikabidhiwe kwa seva kupitia kontrola zote mbili, kwa namba ileile, kwa sababu mifumo mingine hukuruhusu kuikabidhi kupitia A peke yake, na kosa hilo huwezi kuliona mpaka A ife. La pili ni muda. Kazi kuhama kutoka kontrola moja hadi nyingine si kufumba na kufumbua, bali huchukua sekunde chache, na katika mitambo mingine makumi ya sekunde. Seva isiyo na subira hutangaza kosa sekunde ya tatu, faili zikafungwa zisiandikike, wakati kontrola B ingekuwa tayari sekunde ya kumi na tano. Kwenye Linux subira hiyo hupangwa kwa no_path_retry. Mtengenezaji wa mtambo wako ameandika thamani anayoipendekeza. Itumieni hiyo, msibuni yenu.

Nimekaa sana kwenye njia. Sasa twende kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linaharibu data nyingi kuliko diski mbovu, nalo ni kashe, yaani kumbukumbu ya kontrola inayoshika data kabla haijafika kwenye diski.

Seva inapoandika, kontrola haingoji diski izunguke. Huipokea data kwenye kumbukumbu yake, hupeleka nakala kwenye kumbukumbu ya kontrola mwenzake, halafu huiambia seva kwamba imeandika. Kwa kweli diski bado haijaguswa. Ahadi imetolewa, na ahadi hiyo inalindwa na vitu viwili: nakala iliyo kwa mwenzake, na betri, au kapasita kubwa, ambayo umeme ukikatika huishikilia kumbukumbu ile au huipa nguvu ya kujimimina kwenye chipu isiyosahau. Betri ikifa, kontrola yenye akili huacha kutoa ahadi. Husubiri mpaka diski iandike kweli, ndipo ijibu. Mfumo unakuwa mzito, lakini unasema kweli.

Katika chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho nacho sitakitaja, betri ya kashe ilikufa. Mtambo ukawasha taa ya njano. Taa ile ikakaa miezi minne. Walioingia kwenye chumba kile waliizoea, kama mtu anavyozoea ufa wa ukutani, nasi sote tunajua asiyeziba ufa hujenga nini. Mfumo ukawa mzito, na siku za mishahara foleni ilitoka nje hadi barabarani. Meneja akalalamika. Fundi wao akaingia kwenye menyu, akakuta sehemu inayoruhusu kashe itoe ahadi hata bila betri, akaweka alama. Mwendo ukarudi palepale. Alisifiwa mkutanoni.

Wiki tatu baadaye ilinyesha mvua ya mchana, ile mnayoijua, ya radi juu ya radi. Umeme ukakatika, UPS, ile betri ya kushikilia mitambo umeme ukikatika, ikalia kidogo ikanyamaza, jenereta ikachelewa. Kontrola A ikazima, kontrola B ikazima. Na ile nakala ya kwa mwenzake? Mwenzake naye alikuwa gizani. Kashe mbili, ziwa moja.

Niliitwa kesho yake. Mama mmoja muuza samaki alisimama dirishani ameshika risiti ya shilingi 400,000. Risiti ilikuwa halali, ina muhuri, ina saa na dakika. Kompyuta haikuzijua fedha hizo. Hakupiga kelele. Aliilaza risiti juu ya kaunta, akaiwekea kidole, akauliza, "Sasa hii ni nini?" Ndugu zangu, hilo ndilo swali ambalo kila mmoja wetu analitumikia. Watu wa chama kile walikaa wiki kadhaa wakilinganisha vijitabu vya stakabadhi na hifadhidata, mstari kwa mstari, na bei ya betri ilikuwa ndogo kuliko chai waliyokunywa katika kazi hiyo.

Kwa hiyo nasema: msilazimishe kashe bila betri. Narudia: msilazimishe kashe bila betri. Meneja akilalamika, mpelekee taa ya njano aione kwa macho yake. Na mjue kwamba hata kontrola moja ikifa wakati betri ni nzima, mitambo mingi huacha kutoa ahadi kwa sababu nakala ya pili haina pa kwenda. Uzito huo ni mtambo kutimiza wajibu wake. Uacheni utimize, ninyi agizeni kontrola mpya.

Uzito unanileta kwenye hesabu ya nusu. Kontrola mbili zikifanya kazi kwa pamoja, watu hufurahi kwamba wamepata nguvu mara mbili, wakaongeza seva juu ya seva. Siku moja unatazama vipimo: A iko kwenye asilimia 70, B kwenye asilimia 60. Kila kitu kinakwenda. Niambieni, A ikifa, B itabeba ngapi? Mia na thelathini kwa mia? Hakuna mgongo wa namna hiyo. Itabaki hai, lakini seva zitaona majibu yakichelewa, zitaitangaza njia kuwa imekufa, na utakuwa umeangusha kontrola mbili kwa ugonjwa wa moja. Mimi hujumlisha mizigo ya zote mbili katika saa mbaya kuliko zote za mwezi, mwisho wa mwezi jioni au siku ya matokeo ya mitihani, na jumla ikizidi 80 naandika barua ya kuomba mtambo mkubwa. Gaweni umiliki wa LUN vizuri kati ya A na B, ndiyo. Na mkiwa na seva mbili zinazotumia LUN moja, hakikisheni zote zinapitia kwa mmiliki mmoja, kwa sababu katika mitambo mingine, seva moja ikipita A na nyingine ikipita B, umiliki huruka huku na huku mchana kutwa na mtambo hauna muda wa kufanya kazi.

Kuhusu diski zenyewe sitakawia, kwa kuwa wengi mnalijua hili. Wazo la RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja ili mojawapo ikifa data ibaki, lililetwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakati diski zikiwa ndogo sana. Leo diski ya TB 12, ukiijenga upya kwa mwendo wa MB 200 kwa sekunde bila kupumzika, inataka sekunde 60,000, karibu saa 17, na mfumo unaohudumia watu wakati huohuo huchukua zaidi ya hapo. Katika saa zote hizo RAID 5, inayostahimili diski moja tu, haina kinga nyingine ikiwa diski ya pili itaanguka. Kwa diski kubwa wekeni RAID 6, inayostahimili diski mbili, na diski ya akiba iliyokaa tayari. Mkiongeza masanduku ya diski chini ya lile la kwanza, nyaya za kontrola A ziteremke kutoka juu kwenda chini, na za kontrola B zianzie sanduku la mwisho kupanda juu. Hivyo sanduku la katikati likizimika, ya juu yatafikiwa kwa A na ya chini yatafikiwa kwa B.

Sasa turudi ziwani. Ziwa la kwanza ni umeme. Pawasaplai mbili, kila moja na UPS yake, kila UPS na soketi yake yenye saketi yake. Nimeona raki za fedha nyingi ambazo nyaya zote mbili za umeme zimeingia kwenye ekstensheni moja, nayo imelala sakafuni mahali ambapo mfagizi hupitisha ufagio. Fuateni waya kwa mkono, msiufuate kwa macho. Shika plagi, telezesha kiganja juu ya waya mpaka ukutani, ndipo useme umejua unakotoka. Na waya wa jengo wa kupeleka umeme ardhini upimwe, katika nchi hii yenye radi nyingi kiasi hiki.

Ziwa la pili halionekani kabisa, nalo ni programu iliyomo ndani ya vifaa. Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya diski zake za SSD, zile za chipu zisizozunguka, zilikuwa na kasoro ya programu ya ndani: zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zinakufa, na data haipatikani tena. Sasa fikirini mtambo wenye diski 24 zilizonunuliwa pamoja na kuwashwa siku moja. Zitakufa lini? RAID 6 itasaidia nini? Kontrola mbili zitasaidia nini? Kampuni ilitoa programu ya kurekebisha, na waliosoma tangazo walipona. Kwa hiyo kusoma matangazo ya mtengenezaji ni sehemu ya kazi hii, sawa na kushika bisibisi. Mnaposasisha programu ya kontrola, hamisheni kazi kwanza, sasisheni moja, iacheni isimame vizuri, ndipo mwende kwa ya pili, na zote mbili ziishie kwenye toleo moja.

Na ziwa la tatu ni data yenyewe. Kontrola A na kontrola B zinahudumia data moja. Ukifuta jedwali la wagonjwa kupitia A, B haitakufichia nakala. Kirusi cha kufunga faili ili udaiwe fedha kikiingia, kontrola zote mbili zitakiandikia kwa utii na kwa haraka. Mfumo huu unalinda kazi isisimame. Bekapu, yaani nakala ya data iliyowekwa kando, ndiyo inayolinda data isipotee, nayo ikae jengo jingine, na ijaribiwe kwa kuirejesha. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatudai tulinde taarifa za watu zisipotee wala kuharibika, na ulinzi huo haukamiliki kwa kontrola peke yake.

Nimebakiza jambo la ile mikono mitatu. Kwa nini tunaogopa kuchomoa? Kwa sababu mfumo unafanya kazi, na kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Naelewa. Niliogopa pia. Lakini kontrola itachomoka tu, ama mchana ukiwa wewe umesimama hapo na bekapu mkononi, ama saa nane ya usiku ukiwa kitandani. Ombeni muda kwa maandishi, waambieni watumiaji, chukueni bekapu na muirejeshe kwanza mahali pengine. Kisha wekeni kazi halisi ya kuandika na kusoma, muanze na kidogo: chomoa waya mmoja, tazama njia nne zikiwa tatu. Urudishe, ngoja ziwe nne. Zima swichi moja. Iwashe, ngoja. Hamisha kazi kutoka A kwa amri. Irudishe, na hakikisha umiliki wa LUN umerudi kweli kwa A, kwa sababu mitambo mingine haiurudishi bila kuombwa, na wengi huishi mwaka mzima na kontrola moja inayobeba yote bila wao kujua. Kisha ondoa umeme upande mmoja. Mwisho kabisa, shika mpini wa kontrola A uivute. Kila hatua iandikwe: saa, sekunde ngapi kazi ilisimama, ujumbe gani ulitokea. Daftari hilo libandikwe ndani ya mlango wa raki, lisifungiwe kabatini.

Katika chumba cha pili wenyeji wetu wametuwekea mtambo. Seva mbili, swichi mbili, njia nne kwa kila seva, na hifadhidata inayoandika mstari mmoja kila sekunde. Nimeukagua asubuhi, nimefuata kila waya kwa kiganja changu, na bado sijauchomoa. Naomba watu watatu kutoka kwenye viti vya nyuma, wale ambao hawajawahi. Mmoja atasimama mbele ya skrini atusomee `multipath -ll` kwa sauti. Mmoja atashika saa. Na dada uliyevaa kitambaa cha bluu, wewe utashika mpini wa kontrola A. Ukisikia nikisema sasa, vuta kwa nguvu, usisite katikati.